Atakayeamuru Sahani na Aijaze Kwanza

Kati ya mambo yanayobishaniwa sana na wapenzi wa kabumbu, mojawapo ni chakula cha wachezaji. Timu ikishinda, sifa humwendea mfungaji na mwalimu wake. Ikishindwa, lawama huingia mpaka jikoni. Utamsikia mtu kibarazani akisema kwamba fulani amenenepa, kwamba alionekana usiku akila chipsi na kuku wa kukaanga, na kwamba viongozi wa klabu wangefaa kumchungulia hata sufuria ya nyumbani kwake. Mwingine humjibu kwamba mchezaji ni mtu mzima, mwenye mke na watoto, na tumbo ni lake mwenyewe. Mabishano hayo yaonekana kuwa ya mchezo tu, walakini ndani yake limo swali kubwa limhusulo kila mtu aishiye kwa mshahara. Mwajiri anapoinunua kazi ya mtu, je, amenunua na mwili wake?

Gazeti hili husomwa na wanachama na wafanyakazi, nalo haliwezi kulipita swali hilo kama mtu apitaye upande wa pili wa barabara. Sisi twasema kwamba klabu inayo haki ya kutawala chakula cha mchezaji, lakini haki hiyo ina kipimo, na kipimo chenyewe ni wajibu ambao klabu imekwisha kuutimiza. Klabu inayopika, inayofundisha na inayolipa mshahara kwa wakati yaweza kuagiza. Klabu isiyofanya hayo haina la kuagiza. Imebakiwa na kuomba.

Kwanza yatupasa kukubali kwamba chakula si jambo dogo katika kazi ya mpira. Mchezaji wa daraja la juu huenda kiasi cha kilometa 10 hadi 12 katika mchezo mmoja, na njiani hukimbia mbio kali, husimama ghafla, huruka na kugeuka mara nyingi mno. Nguvu ya mbio hizo hutoka zaidi katika wanga uliowekwa akiba ndani ya misuli na ini. Akiba hiyo si kubwa. Mtaalamu wa Sweden, Bengt Saltin, alionyesha mwaka 1973 kwamba wachezaji walioanza mchezo wakiwa na akiba haba walikwenda umbali mdogo kuliko wenzao, na sehemu kubwa ya umbali huo waliitembea badala ya kuikimbia. Basi mchezaji unayemzomea dakika ya 75 kwa sababu hakuukimbilia mpira, pengine si mvivu. Pengine hakula jana.

Mwaka 2020 wataalamu walioitwa na UEFA, chama cha mpira cha Ulaya, walitoa mwongozo juu ya jambo hili. Walisema kwamba siku moja kabla ya mchezo, siku ya mchezo, na siku ya pili yake, mchezaji ahitaji gramu 6 hadi 8 za wanga kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu wa kilo 70, kwa hiyo, ahitaji gramu 420 hadi 560 kwa siku. Ukipima kwa unga wa mahindi peke yake, hesabu hiyo yazidi nusu kilo, na yaweza kufika robo tatu ya kilo. Protini nazo walizikadiria kuwa gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kilo kila siku. Chakula cha kabla ya mchezo walishauri kiliwe saa tatu au nne kabla ya filimbi ya kwanza. Yaani mchezo ukianza saa 10 alasiri, sahani iwe mezani kati ya saa 6 na saa 7 mchana.

Msomaji ataona mara moja kwamba hakuna katika hayo kitu kisichopatikana sokoni kwetu. Wanga umo katika ugali, wali, ndizi, mihogo na viazi vitamu. Protini zimo katika maharage, dagaa, samaki, mayai, maziwa na nyama. Mchicha na matembele huota hata uani. Tatizo letu si kwamba Mungu alitunyima vyakula vya wanamichezo. Tatizo ni nani avinunue, nani avipike, na nani ahakikishe kwamba vimeliwa kwa kiasi na kwa wakati wake.

Hapo ndipo yafaa tutazame mfano mmoja wa nje, kwa kuwa hutajwa sana na aghalabu hutajwa nusu. Mwaka 1996 Mfaransa Arsène Wenger aliichukua klabu ya Arsenal ya London, akitokea Nagoya ya Japani. Huko Japani alikuwa amewaona watu wakila wali, samaki na mboga za kuchemsha, akapendezwa na wepesi wa miili yao. Wachezaji aliowakuta Uingereza walikuwa wamezoea chipsi, sukari, na pombe nyingi baada ya mchezo. Nahodha wao, Tony Adams, alikuwa amekwisha kufungwa gerezani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na mwezi Septemba mwaka ule ule wa 1996 alitoka hadharani akakiri kwamba pombe imemtawala. Wenger alibadili meza nzima. Akaleta samaki, kuku, tambi na mboga zilizochemshwa, chokoleti akaiondoa. Mwenyewe amesimulia jinsi katika siku zake za kwanza wachezaji walivyokaa nyuma ya basi wakiimba kudai chokoleti zao.

Matokeo yanajulikana. Mwaka 1998 Arsenal ilitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA kwa pamoja, na mwaka 2002 ikarudia. Walinzi waliodhaniwa kuwa wamekwisha waliendelea kucheza. Lee Dixon alistaafu mwaka 2002 akiwa na miaka 38. Adams alistaafu mwaka huo huo akiwa na miaka 35. Golikipa David Seaman aliondoka mwaka 2003 akiwa na miaka 39. Hatusemi kwamba samaki wa kuchemsha ndiye aliyeleta vikombe. Wachezaji wapya nao walisajiliwa, na wengine hodari sana. Lakini wazee hao wenyewe wamesema mara nyingi kwamba meza ile iliwaongezea miaka ya kazi.

Sasa watu wetu wakisimulia kisa hicho husema, "Mnaona? Wenger alipiga marufuku." Husahau nusu ya pili. Kabla ya kuondoa chokoleti, klabu iliweka chakula kingine mezani kwa fedha yake. Iliwaleta wataalamu wawaeleze wachezaji sababu ya kila badiliko. Mwaka 1999 ikafungua kituo kipya cha mazoezi huko London Colney, na chakula kikawa sehemu ya kazi ya kila siku. Tena mshahara ulilipwa kwa tarehe yake. Naye Adams, kumbukeni, aliiacha pombe kwa uamuzi wake mwenyewe kabla mwalimu mpya hajashika kazi. Klabu ilimpa mazingira ya kudumu katika uamuzi huo. Marufuku ilikuwa neno la mwisho, si la kwanza. Waswahili wamesema, mkono mtupu haulambwi. Wenger hakunyosha mkono mtupu.

Wapo watakaosema kwamba mchezaji hahitaji kutawaliwa kabisa. Mwenye akili hujitawala. Nao wana ushahidi. Stanley Matthews wa Uingereza, aliyekuwa wa kwanza kupewa Mpira wa Dhahabu wa Ulaya mwaka 1956, hakunywa pombe, hakuvuta sigara, na alichagua chakula chake kwa uangalifu mkubwa, katika siku ambazo hakuna mwalimu aliyeliwaza jambo hilo. Mchezo wake wa mwisho katika daraja la kwanza aliucheza mwezi Februari 1965, siku chache baada ya kutimiza miaka 50. Twamheshimu mtu huyo. Lakini hatuwezi kuiongoza ligi kwa kutegemea kwamba kila kijana atakuwa Matthews, kama tusivyoweza kuendesha reli kwa kutegemea kwamba kila dereva atajilaza mapema bila ratiba.

Zaidi ya hayo, yapo mambo ambayo mchezaji peke yake hawezi kuyajua, hata akiwa na nidhamu ya mtawa. Mwaka 2011 mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 17 yalifanyika Mexico. Wachezaji 208 walipimwa, na 109 kati yao walionekana kuwa na chembe za clenbuterol, dawa iliyokatazwa michezoni. Hawakuwa wamemeza dawa. Walikuwa wamekula nyama ya ng'ombe waliolishwa dawa hiyo na wafugaji ili wanenepe bila mafuta. Timu ya Mexico yenyewe, ambayo wakubwa wake walikuwa wamekwisha kupatwa na janga hilo hilo wiki chache kabla, iliwalisha vijana wake samaki na mboga, wakatoka safi, tena wakachukua kombe. Hapo uongozi ulitawala sahani, na kwa kufanya hivyo ulimlinda kijana. Mtu asemaye kwamba chakula ni siri ya mchezaji na tumbo lake, na aseme vijana wale wangejiokoaje.

Mwaka huo huo wa 2011 mlinzi wa Manchester City, Kolo Touré wa Ivory Coast, alifungiwa miezi sita kwa sababu ya dawa iliyokatazwa. Ilidhihirika kwamba alimeza vidonge vya mkewe vya kupunguza uzito. Mchezaji mwenye jina, katika klabu tajiri sana duniani, aliogopa mizani hata akatafuta msaada kabatini mwa mkewe. Sisi hatumcheki. Twaona katika kisa hicho fundisho la pande mbili: mchezaji alipaswa kuuliza, na klabu ilipaswa kuwa mahali ambapo mtu aweza kuuliza bila aibu. Mizani bila mafundisho huzaa hofu, na hofu huzaa siri.

Kwa hiyo twakubali utawala wa chakula. Twakubali kwamba kambini, safarini na kwenye uwanja wa mazoezi neno la klabu liwe la mwisho. Mchezaji mmoja aliyechoka kwa ulafi au kwa ulevi huwatwika mzigo wenzake kumi, na hao kumi nao ni wafanyakazi wenye haki. Lakini utawala huo una mipaka, na mipaka yenyewe yafaa itajwe kwa sauti.

Mpaka wa kwanza ni heshima ya mtu. Uzito wa mchezaji ni habari baina yake na daktari na mwalimu wake. Mwezi Desemba 2022, baada ya mashindano ya Kombe la Dunia huko Qatar, mwalimu wa Manchester City, Pep Guardiola, aliwaambia waandishi wa habari kwamba Kalvin Phillips amerudi akiwa mzito kupita kiasi. Kijana yule baadaye alieleza jinsi maneno hayo yalivyomwondolea imani yake mwenyewe, na mwezi Aprili 2024 Guardiola alimwomba radhi hadharani. Radhi ile ilikuwa ya kiungwana, ila ilichelewa zaidi ya mwaka. Kama mwalimu mwenye hekima kiasi hicho aliteleza, sembuse kiongozi wa tawi aliyeshika kipaza sauti mbele ya mashabiki wenye hasira? Twasema pia kwamba si halali kumkata mtu mshahara kwa sababu ya kilo bila daktari kusema neno. Mwili waweza kuongezeka kwa ulafi. Waweza pia kuongezeka kwa jeraha, kwa maradhi, au kwa misuli. Na aliye mwembamba si lazima awe mzima. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilionya kwamba mwanamichezo asiyekula vya kutosha kwa kazi aifanyayo hudhoofika mifupa na kinga ya mwili, na kwa wanawake hata siku zao za mwezi huvurugika. Basi wale wanaowahimiza wasichana wa timu zetu wapunguze chakula ili wawe wepesi, wajue kwamba wanawapunguzia afya.

Mpaka wa pili ni dhamiri. Katika nchi yetu, na hasa huku pwani na visiwani, mwezi wa Ramadhani huwakuta wachezaji wengi wakiwa na saumu. Jambo hili limewashinda hata wenye maarifa. Mwezi Aprili 2023 mwalimu wa klabu ya Nantes ya Ufaransa, Antoine Kombouaré, alimwacha nje ya kikosi mlinzi Jaouen Hadjam kwa kuwa hakukubali kufungua siku ya mchezo. Mwalimu alisema kwamba hiyo ndiyo kanuni yake, na kwamba siku nyingine kijana alikuwa huru kufunga. Kabla ya hapo, tarehe 26 Aprili 2021 huko Uingereza, mchezo baina ya Leicester City na Crystal Palace ulisimamishwa kidogo magharibi ilipoingia, mpira ulipokuwa wa kuanzishwa na golikipa, ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wapate kufuturu. Ulisimama kwa muda mfupi tu. Hakuna aliyedhurika, na mpira ukaendelea.

Sisi twachagua njia ya pili. Hatusemi kwamba saumu haina athari katika nguvu za mtu. Mwenye kufunga mwenyewe aijua kiu ya alasiri kuliko mwalimu wake. Mwalimu ana haki ya kumpanga mtu au kumwacha kwa kadiri amwonavyo anavyocheza. Lakini kumwacha kwa sababu ya ibada yake, kabla hajaonekana uwanjani, ni kumwambia mfanyakazi kwamba mkataba wake umenunua hata swala yake. Klabu yenye busara itahamisha mazoezi yawe usiku, itamwekea mchezaji futari na daku vilivyopimwa, na itazungumza naye mapema. Yaliyosemwa juu ya saumu ya Mwislamu yawe hayo hayo kwa Mkristo katika Kwaresima, na kwa yeyote asiyekula kitu fulani kwa imani yake.

Mpaka wa tatu ni mlango wa nyumba. Mtu akitoka kazini arudi kwake awe bwana wa nyumba yake. Klabu na imfundishe. Na imwite mke au mama apikaye, iwaeleze nao kwa adabu. Na impime kwa wakati uliokubaliwa. Lakini kumtumia mashabiki wa kumpeleleza hotelini, kumpiga picha akila na kuitawanya kwenye simu, huo si uongozi wa michezo. Ni umbeya uliovikwa jezi.

Tukisha kusema hayo yatupasa kurudi kwenye neno tuliloanza nalo, maana ndipo penye uzito. Yote haya ni maneno matupu kama mshahara haulipwi. Mwaka 2016 shirika la vyama vya wachezaji duniani, FIFPRO, liliwauliza wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54. Asilimia 41 walisema kwamba katika misimu miwili iliyotangulia walicheleweshewa mishahara. Asilimia 45 walipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Hao ndio wachezaji wa kulipwa walivyo kwa wingi wao. Wenye majumba na magari ya fahari ni wachache. Hapa kwetu malalamiko ya namna hiyo si mageni, na FIFA imewahi kuzifungia klabu kadhaa za Tanzania zisisajili mpaka zilipe madeni ya wachezaji na walimu.

Fikirini basi hali ya kijana aliyetoka mkoani, anayeishi chumba cha kupanga mjini, na ambaye hajalipwa mwezi wa pili. Kambini hula vizuri siku tatu. Mchezo ukiisha, kambi huvunjwa, naye hurudi chumbani akiwa na nauli tu. Siku hiyo ndiyo misuli yake yahitaji chakula zaidi, kwa mujibu wa wataalamu tuliowataja. Atakula nini? Atakula kilicho rahisi na kilicho karibu, yaani chipsi kavu au maandazi na chai, na pengine atalala na maji. Wiki ijayo kiongozi yule yule aliyeshikilia mshahara wake atasimama na kumwambia kwamba hajui kula kama mchezaji wa kimataifa. Wazee walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hapa mwenye shibe amefika mahali pa kumkemea mwenye njaa kwa kutokuchagua chakula.

Sheria yenyewe imekwisha kuliona jambo hili. Tangu mwaka 2018 kanuni za FIFA zampa mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuuvunja mkataba, baada ya kuiandikia klabu na kuipa siku 15 za kulipa. Wachezaji wetu wengi hawaijui haki hiyo, na wengine waijua ila waogopa. Chama cha wachezaji chenye nguvu ndicho kitakachoondoa hofu hiyo. Waingereza waliunda chao mwaka 1907, na hata hivyo walingoja mpaka mwaka 1961, kwa tishio la mgomo, ndipo kilipoondolewa kiwango cha juu cha mshahara kilichokuwa kimewabana kwenye paundi 20 kwa wiki. Haki haikuletwa na waajiri wao kama zawadi ya Krismasi.

Tunajua viongozi wa klabu ndogo watajibu kwamba hawana fedha za Arsenal. Ni kweli. Lakini hatukuwaomba wajenge London Colney. Twawaomba wawe na jiko moja, mpishi mmoja aliyefundishwa, gunia la maharage, dagaa, mayai, mboga na matunda, na sahani moja kamili kwa kila mchezaji baada ya kila mazoezi, si siku za kambi peke yake. Waweza kumwalika mtaalamu wa lishe wa hospitali ya mkoa akazungumza na wachezaji mara moja kwa mwezi. Kwa wavulana na wasichana wa timu za vijana wajibu huu ni mkubwa zaidi, maana wao bado wanakua na hawana mshahara wa kujinunulia. Na ikiwa klabu haiwezi hata hayo, basi na ipunguze amri zake zilingane na uwezo wake. Fedha ya kumsajili mshambuliaji wa kigeni kwa kishindo ikipatikana, ya maharage haiwezi kukosekana.

Wapenzi na wanachama nao wana sehemu yao. Ni desturi yetu kumchangia mfungaji noti uwanjani na kumbeba mabegani. Jambo jema. Lakini mkutano mkuu wa klabu unapofika, wanachama wangapi huinuka kuuliza, "Wachezaji wetu hula nini siku ya Jumatatu? Mshahara wa mwezi uliopita ulilipwa tarehe gani?" Maswali hayo ndiyo yaletayo vikombe. Chama chetu nacho kimo katika jambo hili, kwa kuwa viwanja kadhaa nchini, kama CCM Kirumba cha Mwanza, ni mali yake. Anayepokea sehemu ya viingilio vya mlangoni hawezi kusema kwamba habari za anayetoka jasho uwanjani hazimhusu. Na mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa pamoja uenyeji wa mashindano ya Afrika ya mwaka 2027. Nyasi na taa za viwanja zina watu wengi wa kuzisemea. Sufuria za wachezaji nazo zipate wa kuzisemea.

Mwisho, twawageukia wasomaji wetu wa bandarini, viwandani, relini na mashambani, ambao pengine wamesoma mpaka hapa wakidhani kwamba tunazungumza habari za watu wengine. La hasha. Mpagazi abebaye magunia kutwa hutumia misuli kama mchezaji, tena bila kushangiliwa. Mwaka 1956 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa pendekezo juu ya huduma za wafanyakazi, na kati ya huduma hizo chakula mahali pa kazi kilitajwa. Ni miaka mingi tangu hapo, na bado viko viwanda ambavyo msimamizi hulalamika kwamba baada ya saa 8 mchana kazi hulegea, bila kuuliza wafanyakazi wake walikula nini saa 6. Tukishinda hoja hii kwa ajili ya mchezaji anayetazamwa na maelfu, itakuwa rahisi kuishinda kwa ajili ya yule asiyetazamwa na mtu.

Neno letu kwa viongozi wa klabu, basi, ni hili. Andikeni kanuni za chakula katika mkataba, mzikubaliane na wachezaji wenyewe, zisitoke kinywani mwa mtu siku ya kufungwa. Lipeni kwa tarehe. Pikeni. Fundisheni. Ficheni mizani machoni pa watu. Iacheni dhamiri ya mtu kwa mwenyewe na Mola wake. Mkisha kuyatimiza hayo, mchezaji atakayeikimbia meza yenu na kuukumbatia ulevi na ulafi, mwadhibuni. Nasi tutakuwa wa kwanza kuwaunga mkono, kwa kuwa atakuwa amewaibia wenzake. Lakini msipoyatimiza, msituletee habari za chipsi. Mchumia juani hulia kivulini, na kijana huyu amekwisha kuchuma juani dakika 90. Kivuli chake kiko wapi?